Mzigo Usiopimwa Getini

Hotuba niliyoitoa mjini Moshi, wakati wa masika, kwa waongozaji, wapagazi na wapishi wa mlima Kilimanjaro pamoja na familia zao.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za masika?

Nawashukuru waliotuandalia ukumbi huu. Nawashukuru zaidi ninyi mliokuja na wake zenu na waume zenu, maana jambo nililokuja kulisema huonekana nyumbani kabla halijaonekana kazini.

Nianze na mizani ya getini, pale tunapoanzia kupanda. Hakuna asiyeijua humu ndani. Uanzie Machame, uanzie Marangu, begi linapimwa, namba inasomwa, na ikizidi kilo 20 vitu vinatolewa. Ni utaratibu mzuri, umeokoa migongo mingi. Lakini upo mzigo ambao haujawahi kupanda kwenye mizani ile. Ada ya mtoto wa kidato cha pili. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ambao mkeo hajui kama uliuchukua. Mama anayeumwa kule Rombo. Mgeni aliyekufa mikononi mwako juu ya kambi ya Barafu, na hadi leo hujamsimulia mtu. Mizigo hiyo inapita getini bila kuandikwa, inapanda nawe, na njiani inakula nguvu zilezile unazozitegemea kubeba hema.

Ninaposema inakula nguvu, nazungumzia nguvu halisi, ile inayotoka kwenye ugali na maharage. Ndiyo habari niliyokuja nayo: namna msongo wa mawazo, na ugonjwa wa sonona unaoweza kuufuata, unavyokula nguvu za mwili.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 24 sasa, na miaka tisa ya karibuni nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa uuguzi namna mwili unavyofanya kazi. Pia ni dada wa mpagazi. Kaka yangu alianza kupanda akiwa na miaka 19. Mwaka 2020, ndege ziliposimama na mlima ukabaki bila wageni, aliuza ng'ombe, kisha akakopa, kisha akakopa kwingine ili alipe kule kwa kwanza. Wageni waliporudi, yeye hakurudi. Nina maana mwili wake haukurudi. Akipanda, kabla hata ya kambi ya Mandara anatafuta jiwe akae. Mtu aliyekuwa akifika kambini mbele ya wenzake na kuanza kuchota maji! Akapimwa malaria, taifodi, sukari, wingi wa damu. Kila kitu safi. Mahali fulani wakamwambia: huna ugonjwa, nenda kafanye kazi. Kuna ndugu waliosema amerogwa. Na mimi, muuguzi, mwalimu wa wauguzi, nilimwambia kwa kinywa changu kwamba amekuwa mvivu.

Nimeshamwomba radhi. Yeye ndiye aliyeniruhusu niyaseme haya leo.

Sasa twendeni ndani ya mwili. Mwili wako umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya karibu kila seli kuna vitu vidogo zaidi vinavyoitwa mitokondria. Chembe nyekundu za damu hazina. Seli za moyo zinazo nyingi mno, zinajaza karibu theluthi moja ya seli. Kazi yao kubwa ni kuchukua chakula ulichokula na hewa uliyovuta, na kuvigeuza kuwa nguvu ambayo seli inaweza kuitumia. Nguvu hiyo hufungwa kwenye kitu kinachoitwa ATP. Wakati wowote ule mwilini mwako hakuna hata nusu kilo ya ATP. Lakini kwa siku moja inatumika na kutengenezwa upya mara nyingi kiasi kwamba ukijumlisha yote, inakaribia uzito wako mwenyewe. Hakuna ghala la kuweka akiba yake. Unaitengeneza sasa, unaitumia sasa.

Inatengenezwaje? Sisi watu wa mlimani tuna bahati, tunao mfano uwanjani. Wazee wetu walichimba mifongo, mifereji ya kupeleka maji mashambani. Walioiona kazi ile wanajua kwamba maji ya mfongo hayakuachwa yatiririke ovyo. Usiku yalilazwa kwenye bwawa dogo, asubuhi likafunguliwa, na nguvu ya yale maji kushuka ndiyo iliyoyafikisha migombani kwa kila mwenye zamu. Mitokondria nazo zina utando ndani yake, na chakula unachokula hutumika kusukuma chembe ndogo sana, protoni, upande mmoja wa utando huo, mpaka zinajazana kama maji bwawani. Zinataka kurudi. Njia ya kurudi ni moja, na kwenye njia hiyo pamefungwa mtambo unaozunguka, kama ile mitambo ya umeme ya pale bwawa la Nyumba ya Mungu. Ukizunguka, ATP inatoka. Mwingereza mmoja, Peter Mitchell, alilisema jambo hili mwaka 1961 na wengi hawakumwamini. Mwaka 1978 walimpa Tuzo ya Nobel kwa hilohilo.

Kwa hiyo tunapopanda na hewa ikapungua, mnaelewa kinachotokea. Kileleni, mita 5,895, hewa ina takriban nusu tu ya oksijeni ya ufukweni. Mtambo unahitaji oksijeni. Ndiyo maana mnawaambia wageni pole pole, na mgeni anayejiona shujaa siku ya kwanza ndiye mnayemshusha siku ya tatu. Kanuni hiyo ya nguvu mnaiheshimu kuliko mtu mwingine yeyote. Naomba muiheshimu vilevile mkishuka, mkiwa mtaani Majengo au Pasua, mkiwa hamjabeba chochote.

Hebu fikirini uko kwenye ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali wa njiani. Mgeni aliye mbele yako anateleza. Kabla hujafikiri, mkono wako umeshamdaka. Moyo unapiga, kinywa kimekauka, macho yameona kila kokoto. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini, ini limeachia sukari kwenye damu, mapafu yamefunguka, na kila mtambo ndani ya misuli yako umepokea amri ya kuzunguka kwa kasi. Muda mfupi baadaye homoni nyingine inafuata, kotisoli, kazi yake ni kuhakikisha sukari haikauki. Baada ya nusu saa mgeni anacheka, na wewe moyo umetulia. Huo ni mwili mzuri, umefanya kazi yake. Mungu aliupanga hivyo, na bila mpango huo nusu yetu tusingekuwa humu.

Sasa mwenye kausha damu anapiga simu. Saa moja asubuhi. Mchana tena. Usiku ujumbe: kesho tunakuja kuchukua friji. Mwili hauna kengele mbili, moja ya ukuta wa Barranco na nyingine ya deni. Kengele ni hiyohiyo. Adrenalini ileile, kotisoli ileile, sukari ileile inaachiwa kwenye damu ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Tofauti ni kwamba mgeni wa Barranco unamdaka na mambo yanaisha. Deni hulidaki. Linalala nawe.

Kotisoli yenyewe, na hili huwashangaza hata wanafunzi wangu, hutengenezwa kwenye mitokondria. Hatua ya kwanza ya kuitengeneza hufanyika humo ndani, na hatua ya mwisho humohumo. Vinu vinavyokupa nguvu ndivyo pia vinavyotengeneza homoni ya msongo, na homoni hiyo ikitoka inarudi tena kuviamuru vinu vya mwili mzima. Ndiyo maana sikubali tena mtu akisema "ni mawazo tu." Mawazo yana mlango wa kuingilia kwenye seli, na mlango wenyewe ni huo.

Wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Martin Picard, ambao wamelichimba jambo hili kwa miaka mingi. Walichukua seli za ngozi za binadamu, wakazilea kwenye vyombo vya maabara, na wakaziwekea kila siku dawa inayofanya kazi kama kotisoli, kwa muda mrefu. Seli hazikupewa kazi yoyote ya ziada. Hazikubeba kitu. Lakini zilitumia nguvu kwa takriban asilimia 60 zaidi ya wenzao zilizoachwa kwa amani, na zilizeeka haraka zaidi. Ni seli za kwenye chombo, na mtu mzima ana mambo mengi kuliko chombo, kwa hiyo usiende nyumbani ukasema nesi kasema ukiwa na deni unachoka kwa asilimia 60. Ila ile njia ya jambo, mnaiona? Tahadhari yenyewe ina gharama. Kukaa macho kunalipiwa. Seli inalipa hata kama mwenye nayo amelala kitandani anaangalia dari.

Na nguvu zina kikomo. Mfongo ukipata maji yaleyale na shamba moja likanywa mara mbili, mashamba ya chini yanakauka. Mwili nao unaanza kufunga matawi. Mmeng'enyo wa chakula unapunguzwa, ndiyo tumbo linajaa gesi na chakula hakina ladha. Hamu ya tendo la ndoa inapungua. Wanaume, naomba mlisikie hili bila aibu, na akina mama mlisikie bila kumshuku mtu. Kinga inalegea, mafua hayaishi. Kidonda cha kiatu kinachelewa kupona. Usingizi unakuwa mwepesi. Halafu ubongo: ni asilimia mbili hivi tu ya uzito wako, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Ukipungukiwa, unasahau, unakosea hesabu ya chenji, unamfokea mtoto kwa kikombe kilichoanguka.

Kuna jambo jingine, nitalipitisha haraka kwa sababu ni refu. Mitokondria zina vinasaba vyao wenyewe, tofauti na vya seli, kwa kuwa hapo zamani za kale, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, zilikuwa bakteria wanaojitegemea. Wanasayansi waliwapa watu kazi ya kuwatia hofu kidogo, kutoa hotuba fupi ya kujitetea, dakika chache tu, kisha wakawapima damu. Baada ya nusu saa vinasaba vya mitokondria vilivyokuwa vikielea kwenye damu vilikuwa zaidi ya maradufu. Kinga ya mwili ikivikuta vipande hivyo nje ya mahali pake huweza kuvidhania ni vya bakteria, ikajipanga kwa vita. Na mwili unaopigana vita unataka nini? Unataka kulala, kujifunika, kutoongea na watu. Mnaukumbuka mwili wa siku ya malaria? Kaka yangu aliniambia, "Dada, ni kama malaria isiyo na homa." Sikumwelewa wakati ule.

Mitokondria tulizonazo, tumezirithi kwa mama. Baba hakutupa hata moja inayohesabika. Nalitaja kwa sababu akina mama wako hapa, na kwa sababu kuna utafiti uliowahusu akina mama hasa. Elissa Epel, Picard na wenzao waliwapima kina mama waliokuwa wakilea mtoto mwenye usonji, wakawalinganisha na kina mama wengine. Waliobeba ulezi ule mzito, vinu vyao vya nguvu kwenye chembe nyeupe za damu vilikuwa dhaifu zaidi. Lakini waliangalia pia hisia za kila siku, na kwa wale waliopitisha jioni zao wakiwa na furaha japo kidogo, vinu vilikuwa na afya zaidi. Furaha ya jioni, ya siku moja au mbili kabla ya kupimwa. Mama anayemlea mkwe wake aliyepooza, na anayebaki peke yake na watoto watatu mume akiwa mlimani siku saba, naye ana mzigo. Hakuna mtu wa geti aliyewahi kumuuliza una kilo ngapi.

Na mwili husamehe. Mwaka 2021 timu hiyohiyo ya Columbia ilichapisha uchunguzi wa nywele, unywele mmoja mmoja, maana unywele unapoota unaandika historia ya mwili kama mti unavyoandika miaka. Waliona mvi zinazoanza wakati wa msongo, na wakaona nyingine zilizorudi kwenye rangi yake ya awali. Mtu mmoja alikwenda likizo, na nywele zake tano zilizokuwa zimeanza mvi zikaota na rangi yake tena kipindi hichohicho cha likizo. Sisemi mvi zenu zitaondoka, wazee wangu, zinawapendeza. Nasema kuna kitu ndani kinachosikia mzigo unapotuliwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, usijipe jina la sonona mwenyewe. Uchovu una sababu nyingi. Upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo, mimba. Madini ya chuma peke yake yakipungua, seli inapata hasara mara mbili, kwani damu inakosa cha kubebea oksijeni na mitokondria zinakosa vifaa vya mtambo wao. Pima. Lakini vipimo vikitoka safi, usikubali kuambiwa huna kitu. Ukiona wiki mbili zimepita, karibu kila siku huna raha na chochote, usingizi umeharibika, mwili mzito, unajiona hufai, hiyo ni sababu ya kutosha kurudi na kusema wazi: naomba kuonana na mtu wa afya ya akili. Hospitali ya Mawenzi wapo, hospitali ya KCMC wapo. Wakikupa dawa, jua kwamba dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, usiziache siku ya nne. Na kama umeanza kufikiri kwamba ni bora usingekuwepo, usisubiri wiki mbili. Ni leo. Mshike mtu mkono aende nawe.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, vya kwenye chupa na kopo. Nawaona vijana mnavyovinywa, na wenzenu wa bodaboda zaidi. Hebu niwaeleze kilichomo, kafeini, na kahawa yetu ya Kibosho ni ndugu yake. Seli ikitumia ATP siku nzima, yanabaki mabaki yanayoitwa adenosini, na yanavyozidi kwenye ubongo ndivyo unavyosikia usingizi. Ni risiti ya matumizi. Kafeini haikupi nguvu hata kidogo. Inakaa mahali adenosini ilipotakiwa kukaa, na wewe husikii tena kwamba umechoka. Risiti imefichwa, deni liko palepale. Kikombe cha asubuhi nami nakinywa, nimekulia kwenye mibuni. Makopo matatu usiku ili usahau mawazo ni kukopa kausha damu nyingine. Pombe nayo inakuingiza usingizini haraka na kuuvunja usingizi huohuo katikati ya usiku. Mbege ya kwenye sherehe sina ugomvi nayo. Ya kila jioni ya masika, peke yako, ninao.

Masika haya miili yenu imezoea kupanda na ghafla imekaa. Mwaka 1967 Mmarekani John Holloszy aliwakimbiza panya kwa wiki kadhaa, akakuta uwezo wa mitokondria kwenye misuli yao umeongezeka karibu maradufu. Misuli inayotumika inajenga vinu vipya, isiyotumika inavibomoa. Tembea. Panda hadi kwa bibi kule juu, kata majani ya ng'ombe, rudi. Saa moja inatosha, na ukimwalika jirani aliyejifungia ndani, umefanya kazi mbili.

Na kuongea. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14. Aliwafundisha kusikiliza, akawawekea benchi la mbao nje ya kliniki. Washona, wenyeji wa huko, huuita ugonjwa huu wa sonona kwa neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo sisi tunavyosema, fulani ana mawazo? Matokeo ya majaribio yao kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale hawakuwa na hela ya kuwalipia watu madeni. Walimsaidia mtu achague tatizo moja, moja tu, aanze nalo.

Niseme na waajiri, wachache niliowaona mmekaa mbele. Sitamfundisha mpagazi kuvuta pumzi polepole halafu nikanyamaza kuhusu ujira wake anaoungojea mwezi wa pili sasa. Malipo yanayocheleweshwa ni suala la afya. Mtu asiyejua atalipwa lini anaamka kila siku na kengele ya Barranco masikioni, na ndiye unayemkabidhi uhai wa mgeni usiku wa kupanda kileleni. Mnapima begi lake kwa gramu. Mlipeni siku anaposhuka.

Kaka yangu yuko mstari wa tatu, mwenye sweta la kijani. Alitibiwa mwaka mmoja na miezi miwili. Madeni mawili amemaliza, moja bado. Msimu uliopita alifika kambi ya Horombo bila kutafuta jiwe, akanipigia simu kutoka huko, mtandao ukakatika kabla sijasikia vizuri anasema nini, nikalia hivyohivyo. Ameomba asisimame hapa mbele. Chai ikitoka atakuwa kwenye benchi lile la nje, karibu na bomba la maji, na atakaa mpaka saa kumi na moja. Mimi na wenzangu wawili tuko chumba cha nyuma na mashine ya presha, na hatuandiki jina la mtu. Asanteni.